Kuingia nyanda za juu za Aisilandi kwa gari la kulala: gari gani, njia ipi?

Mpandamilima aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi na mke wangu tunatarajia kwenda Aisilandi katika juma la mwisho la Juni. Wageni wengi huizunguka nchi hiyo kwa Barabara Namba 1, ambayo ina lami na kwa sehemu kubwa hufuata pwani. Sisi tungependa kuiacha barabara hiyo mapema na kuingia ndani, kwenye nyanda za juu ambako hakuna miji wala vijiji, ila milima ya volkano, nyika za mchanga mweusi na barafu isiyoyeyuka. Tumefikiria kukodi vani yenye kitanda na jiko dogo, ili tulale karibu na milima na asubuhi tuanze kutembea kwa miguu bila kupoteza saa nyingi barabarani.

Kadiri ninavyosoma, ndivyo mambo yanavyozidi kunichanganya. Kampuni moja ya kukodisha inatangaza kwamba vani zake hufika kila mahali, huku mkataba wake ukikataza barabara zote ambazo namba zake zinaanza na herufi F. Ramani inaonyesha njia mbili kuu zinazokata kisiwa kutoka kusini hadi kaskazini, Kjölur na Sprengisandur, na kwa macho yangu zinafanana. Naomba waliowahi kuzipita wanieleze tofauti zake, aina ya gari linalofaa, na kama sheria inaruhusu kusimamisha gari popote na kulala. Habari za mito isiyo na madaraja zinamtia mke wangu hofu, nami sina jibu la kumpa.

Mzee wa Changarawe alijibu:

Ndugu Mpandamilima, karibu. Hofu ya mkeo ina msingi, na nitawaachia wengine suala la mito kwa sababu wapo wanaolijua kuliko mimi. Nianze na gari, kwa kuwa huko ndiko safari yenu itakakoamuliwa, kabla hata hamjafungua ramani.

Barabara za F, yaani za milimani, kisheria ni za magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Anayeingia na gari la kawaida anaweza kutozwa faini, na likiharibika huko bima haitamsaidia. Sasa, vani nyingi za kulala zinazokodishwa Reykjavík na karibu na uwanja wa ndege wa Keflavík husukumwa na magurudumu mawili tu, ni ndefu, zenye uvungu ulio karibu na ardhi na uzito mwingi nyuma. Ni nzuri sana kwa barabara ya pwani. Kwa hiyo tangazo na mkataba havikushangazi ukikumbuka kwamba tangazo huandikwa na anayetaka kuuza, na mkataba huandikwa na atakayelipia matengenezo.

Yanayobaki ni ya aina tatu: vani ndogo ya fobaifo, pikapu ya fobaifo iliyojengewa chumba cha kulala mgongoni, na gari la kawaida la fobaifo lililoinuka, lenye hema juu ya paa. Hema la paani ni rahisi kuliko mengine, lakini upepo wa nyanda za juu unaweza kuwanyima usingizi usiku kucha, na sipendekezi kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza. Pikapu hula mafuta mengi na kukodi kwake ni ghali, lakini ndiyo pekee kati ya hizo inayokupa kitanda cha kweli na uvungu wa juu kwa pamoja. Hata hivyo, ulizeni kwa maandishi ni barabara zipi za F zinazoruhusiwa, kwa kuwa baadhi ya kampuni hutoa gari la fobaifo na bado hukataza njia kadhaa kwa majina.

Kuhusu njia zako mbili, zinafanana kwenye ramani tu. Kjölur, yaani Barabara 35, inaanzia karibu na maporomoko ya Gullfoss, inapita kati ya barafuto mbili, yaani mabapa makubwa ya barafu ya kudumu, Langjökull na Hofsjökull, na kushukia bonde la mto Blanda upande wa kaskazini baada ya kilomita zipatazo 170. Zamani nayo ilikuwa na herufi F. Iliondolewa baada ya mito kujengewa madaraja. Msidhani kwamba kwa sababu hiyo ni laini. Ni changarawe yenye mikunjo mikunjo inayolitikisa gari mpaka sahani zinahama kabatini, na kampuni nyingi bado huwakataza wenye magari ya magurudumu mawili kuipita. Sprengisandur, F26, iko mashariki zaidi, kati ya Hofsjökull na barafuto nyingine, Vatnajökull. Hiyo ni nyika tupu, yenye mito ya kuvuka karibu na kibanda cha wasafiri cha Nýidalur, na kati ya Hrauneyjar upande wa kusini na kituo cha mafuta cha kwanza upande wa kaskazini kuna zaidi ya kilomita 200 bila tone la mafuta.

Kwa juma la mwisho la Juni, Kjölur mara nyingi huwa imeshafunguliwa. Sprengisandur huenda ikawa bado imefungwa, au ndiyo kwanza inafunguliwa. Hakuna tarehe maalumu: Vegagerðin, mamlaka ya barabara ya nchi hiyo, husubiri theluji iyeyuke na udongo ukauke, kwa sababu udongo uliolowa hukatwa na tairi na barabara huharibika kwa msimu mzima. Mamlaka hiyo hutoa ramani ya barabara za milimani zilizofunguliwa, na hali ya kila siku huonekana kwenye tovuti ya umferdin.is. Kupita barabara iliyofungwa ni kosa, hata pale ambapo hakuna aliyesimama kukuzuia.

Ningekuwa ninyi ningepita Kjölur, nikalala Hveravellir penye chemchemi za moto, na kabla ya hapo ningechepuka kwa barabara ya F347 hadi Kerlingarfjöll. Kwangu hakuna mahali katika nyanda zote za juu panaporudisha gharama ya safari kama pale: milima ya miamba ya rangi ya kahawia na nyekundu, mabonde yanayofuka mvuke kutoka ardhini, na mabaka ya theluji juu yake, vyote mnavifikia kwa miguu kutoka kambini.

Binti Mito alijibu:

Namshukuru Mzee wa Changarawe kwa maelezo yake. Naomba nichukue suala la mito, kwa kuwa safari nyingi za wageni huishia hapo, na mara nyingi si kwa sababu ya uzembe bali kwa kutojua mto unavyofanya kazi.

Iko mito ya aina mbili. Mto wa chemchemi hutoka kwenye miamba ya lava, maji yake ni maangavu, na kina chake hakibadiliki sana kati ya asubuhi na jioni. Mto wa barafuto hutokana na barafu inayoyeyuka, maji yake ni ya kijivu au ya rangi ya maziwa kwa sababu ya unga wa mawe, na hubadilika kwa saa. Alfajiri, baada ya ubaridi wa usiku, huwa chini. Jua likiwaka, hupanda kuanzia mchana hadi jioni, na mvua ikinyesha hupanda bila kujali saa. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtu huvuka asubuhi kwenye maji ya magotini, akaenda kutembea mlimani, na jioni akaukuta mto ule ule umekuwa kitu kingine, naye yuko ng'ambo. Isitoshe, chini ya maji hayo ya kijivu huoni mawe, na mto wenyewe huhamisha mawe yake, hivyo mahali palipopitika juma lililopita si lazima papitike leo.

Mkifika mtoni, simameni na mshuke. Tazameni alama za tairi za waliotangulia, pande zote mbili. Mahali penye upana mkubwa na viwimbi juu ya maji kwa kawaida ndipo penye kina kidogo, na mahali pembamba penye maji yaliyotulia ndipo penye shimo, jambo ambalo ni kinyume na macho yanavyotamani. Kama ni mto mdogo na maangavu, mtu anaweza kuingia kwa miguu kupima. Kama usingethubutu kuingia kwa miguu, usiingie na gari. Wekeni gia nzito ya fobaifo kabla ya kugusa maji, mwende kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkielekea kidogo upande mto unakotiririkia, na msikanyage klachi wala kubadili gia katikati. Maji yakifika kwenye mdomo wa injini wa kuvuta hewa, injini imekwisha, kwa sababu maji hayakandamiziki kama hewa, na kitu lazima kipinde. Uharibifu wa maji mtoni, pamoja na wa uvungu, kwa kawaida haumo kwenye bima za magari ya kukodi, hata zile zinazouzwa kwa jina la bima kamili. Mkitoka upande wa pili, kanyageni breki mara chache zikauke. Na kama mna shaka, subirini gari jingine lije. Kungoja saa moja mtoni ni jambo la kawaida kabisa huko na hakuna atakayewacheka.

Baada ya kusema hayo, habari njema ni kwamba mnaweza kuona mengi bila kuvuka mto wowote wa maana. Mfano ni Landmannalaugar, ndani ya hifadhi ya Fjallabak, mahali penye milima ya rangi nyingi, lava ya Laugahraun na maji ya moto ya kuogea. Barabara ya F208 inafika hapo kutoka kaskazini, upande wa Sigalda, kwa changarawe mbaya lakini bila mto hadi mlangoni pa kambi, ambapo maji hukata njia. Egesheni kabla ya maji hayo na mvuke kwa daraja la miguu. Lakini F208 hiyo hiyo, mkiifuata kutoka Landmannalaugar kwenda kusini kupitia Eldgjá, ina vivuko vingi. Namba ni moja na barabara ni mbili tofauti, na ramani haikwambii hilo.

Bonde la Þórsmörk lifuteni kabisa kwenye orodha mkiwa na gari la kulala la aina yoyote. Mto Krossá umeyazamisha magari makubwa na yenye nguvu kuliko hayo. Huko watu hupelekwa na mabasi ya magurudumu marefu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mito, na hakuna aibu katika kupanda basi.

Mkaazi wa Muda alijibu:

Niongeze kuhusu kulala, ambalo halijajibiwa. Hapana, hairuhusiwi kusimamisha gari popote na kulala. Sheria ya uhifadhi wa asili Namba 60 ya 2013, iliyoanza kutumika Novemba 2015, inataka magari ya kulala, misafara ya kukokotwa na mahema ya kufungwa kwenye gari yalale kwenye vituo vya kambi vilivyopangwa, isipokuwa kama mwenye ardhi au mamlaka yake ametoa ruhusa. Maandishi mengi ya zamani mtandaoni bado yanasema kwamba usiku mmoja kandokando ya barabara hauna shida. Mengi ya hayo yaliandikwa kabla ya sheria hiyo, au yanahusu mtu anayetembea kwa miguu na hema lake, ambaye bado ana uhuru mpana zaidi.

Katika nyanda za juu hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa kambi zipo mahali ambapo mngependa kulala: Hveravellir, Kerlingarfjöll, Landmannalaugar, Nýidalur, Hólaskjól. Nyingi hazina umeme wa kuchomeka gari. Landmannalaugar ilianzisha mwaka 2024 utaratibu wa kuhifadhi nafasi ya maegesho kwa wageni wa mchana wakati wa kiangazi, hivyo angalieni masharti ya mwaka wenu kabla ya kuondoka.

Sheria hiyo hiyo inakataza kuendesha gari nje ya barabara, nao ni mwiko mkubwa kuliko yote. Msiache njia hata kwa mita mbili, hata kukwepa dimbwi, hata kumpisha mwenzenu. Mimea ya huko hukua taratibu mno, na alama ya tairi kwenye mchanga au kwenye zulia la kijani linalofunika lava inaweza kudumu miongo kadhaa. Faini zake hufika mamia ya maelfu ya krona.

Sasa niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha. Sioni kwa nini kitanda na mto wa kuvuka viwe kwenye gari moja. Kodini vani ya kawaida, ya bei nafuu, lalini kwenye kambi za pembezoni mwa nyanda za juu, na siku ya kuingia ndani mpande mabasi ya kiangazi yanayokwenda Landmannalaugar na Þórsmörk. Madereva wake hujua kila jiwe. Tofauti ya bei kati ya vani ya kawaida na pikapu ya fobaifo hulipia tiketi nyingi.

Mzee wa Changarawe alijibu:

Hesabu yako ni sahihi, ndugu, lakini umesahau wanachotafuta hawa wawili. Anayepanda basi la mchana huondoka saa basi linapoondoka, na Landmannalaugar ya mchana, iliyojaa watu, si ile ya saa nne usiku wa Juni, wakati wageni wa siku wameshaondoka na jua bado halijazama. Kulala ndani ndiyo hoja yote. Kwa Þórsmörk nakubaliana nawe.

Mpandamilima aliuliza tena:

Nawashukuru nyote, mke wangu amesoma majibu ya Binti Mito na sasa anataka kuwa yeye dereva. Tumeamua kuchukua pikapu ya fobaifo, kupita Kjölur, kisha kurudi kusini na kuingia Landmannalaugar kutoka upande wa Sigalda. Kama siku zitabaki, natamani sana kuiona volkano ya Askja, kwani nimesoma kwamba wanaanga wa Apollo, mpango wa safari za mwezini, walifanyia mafunzo huko. Je, inafikika mwishoni mwa Juni? Na je, ndani ya gari usiku kuna baridi ya kiasi gani?

Jiwe Jeusi alijibu:

Ndugu Mpandamilima, ulichosoma kuhusu wanaanga ni kweli. Walikwenda katika miaka ya 1965 na 1967 kujifunza jiolojia, kwa sababu nyika za eneo hilo ni tupu na miamba yake iko wazi, bila udongo wala mimea ya kuificha. Nimeshughulika na miamba kwa muda mrefu na sijaona mahali panapoonyesha waziwazi zaidi jinsi kisiwa hicho kinavyojengwa. Aisilandi imekaa juu ya ufa ambapo mabamba mawili ya ardhi, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana, na wakati huohuo chini yake kuna mkondo wa joto unaopanda kutoka ndani ya dunia. Ufa peke yake ungetoa safu ya milima chini ya bahari. Ni ule mkondo wa joto ulioizidishia lava mpaka kisiwa kikachomoza juu ya maji.

Askja ni bonde kubwa la volkano lililotitia. Mlipuko wa 1875 ulimwaga majivu juu ya mashamba ya mashariki mwa nchi na kuwasukuma watu wengi kuhamia Amerika Kaskazini. Ziwa Öskjuvatn, lenye kina cha zaidi ya mita 200, lilijitengeneza baada ya ardhi kutitia kufuatia mlipuko huo, na kando yake kuna kasoko ndogo ya Víti yenye maji ya samawati yenye weupe kama wa maziwa. Julai 2014 sehemu ya ukingo iliporomokea ziwani usiku na kuinua mawimbi makubwa. Kwa bahati hakukuwa na mtu. Yakumbukeni hayo kabla ya kushawishika kushuka hadi majini. Tangu 2021 ardhi ya hapo imekuwa ikiinuka, ishara ya magma inayojikusanya chini, kwa hiyo taarifa za ofisi ya hali ya hewa ya nchi, ambayo pia hufuatilia volkano, zisomwe mapema. Upande wa kusini iko lava ya Holuhraun, iliyomwagika kati ya Agosti 2014 na Februari 2015 na kufunika zaidi ya kilomita za mraba 80.

Kuhusu njia: F88 inatoka Barabara Namba 1 mashariki ya Mývatn, inaupita mlima Herðubreið wenye mita 1,682, na inavuka mito Grafarlandaá na Lindaá bila daraja. Kwa pikapu yenu ya kukodi mimi ningezunguka kwa F905 na F910 kutoka upande wa Möðrudalur, ambako mito mikubwa miwili ya barafuto ina madaraja. Ni mbali zaidi na sehemu nyingine mnatambaa juu ya lava tupu, lakini hamtegemei saa ya mto. Kambi iko Dreki, na kutoka maegesho ya juu ni mwendo wa kilomita mbili na nusu hivi kwa miguu hadi ziwani, ambao mwishoni mwa Juni mara nyingi ni juu ya theluji. Lakini kama barabara itakuwa bado imefungwa, na mwishoni mwa Juni hilo linawezekana kabisa, msibakize siku kwa ajili ya kuisubiri, zitumieni Kerlingarfjöll.

Baridi: hata Julai usiku wa nyanda za juu unaweza kukaribia nyuzi sifuri. Chukueni gari lenye hita inayofanya kazi injini ikiwa imezimwa, na msiwashe jiko la gesi kujipasha joto mkiwa mmefunga kila dirisha, kwa sababu hewa ya sumu ya jiko haina harufu. Upepo nao hung'oa milango. Egesheni pua ya gari ikiutazama upepo na mshike mlango kwa mikono miwili kila mnapofungua, maana hasara hiyo ni ya kawaida na bima nyingi hazilipi. Kwenye changarawe kikomo cha mwendo ni kilomita 80 kwa saa, ingawa F905 itawashusha chini ya nusu ya hapo. Kupunguza kidogo upepo wa tairi husaidia, mradi mna pampu ya kuurudisha.

Jazeni mafuta kila mnapopita pampu ya mwisho kabla ya kuingia ndani, na muwe na kadi ya benki yenye namba ya siri, kwa kuwa pampu nyingi hazina mhudumu. Andikisheni mpango wenu wa safari kwenye tovuti ya safetravel.is, na muweke programu ya dharura ya 112 kwenye simu, ambayo huwatumia waokoaji mahali mlipo. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo mwambieni mlinzi wa kambi mnakoelekea na saa mnayotarajia kufika.

Binti Mito alijibu:

Nyongeza moja kwa mke wako, dereva mpya: pale Landmannalaugar atawaona wengine wakivuka maji ya mlangoni pa kambi kwa kishindo ili wapigwe picha. Awaache. Kuna maegesho upande wa huku, na kutoka hapo hadi kambini ni dakika chache kwa miguu. Ila gari la kulala mnalitaka karibu nanyi usiku, kwa hiyo mwulizeni mlinzi kwanza kama mnaweza kulala upande huo wa maji, na kama hairuhusiwi, vukeni asubuhi na mapema, nyuma ya gari kubwa.

Mpandamilima alijibu:

Tumekuelewa, dada. Nimewaandikia kampuni kuomba orodha ya barabara zinazoruhusiwa, F208, F347, F905 na F910 zikitajwa moja moja, na nitaiweka hapa watakapojibu.